Multimita Nyumbani: Sifuri Isiyoaminika

Katika jiji la Bujumbura chombo cha kupimia umeme hakimo tena mikononi mwa mafundi wa redio peke yao. Multimita huuzwa sokoni pamoja na balbu, soketi na chaja za simu. Askari huwa nayo ndani ya sanduku lake, dereva huiweka chini ya kiti cha lori, na mama mwenye jokofu la kuuzia vinywaji baridi huko Kinama au Kanyosha hujifunza kuisoma ili asidanganywe na kila apitaye akijiita fundi. Hilo ni jambo la kheri. Lakini chombo hiki kina tabia moja ambayo wauzaji hawaitaji: huweza kuonyesha sifuri mahali penye umeme wa kuua. Na aghalabu kosa halimo katika chombo chenyewe, bali katika mkono unaokishika na katika zile nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, ambazo mnunuzi hazitazami hata mara moja anapotoa fedha zake.

Na uchukuliwe mfano wa koplo aishiye Ngagara na familia yake. Mfano ni wa kubuni, ila njia yake ni ya kweli. Soketi ya sebuleni imelegea naye ataka kuibadilisha. Anazima swichi anayodhani ndiyo yenyewe, anachukua multimita, anaingiza ncha mbili katika matundu ya soketi, na kioo kinaonyesha sifuri. Anafurahi, anafungua skurubu, anashika waya. Kumbe jana alipima betri ya pikipiki, na kitufe cha kuchagulia kimebaki kwenye volti za mkondo mnyoofu, yaani umeme wa betri usiobadili mwelekeo. Umeme wa nyumbani Bujumbura ni mkondo geu: una volti 220, nao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Chombo kilichowekwa kupima mkondo mnyoofu hujumlisha kwenda na kurudi huko, na jawabu lake huwa sifuri au karibu na sifuri. Multimita haikusema uongo. Iliulizwa swali jingine.

Sifuri ya namna hii huzaliwa kwa njia nyingi. Waya wa kupimia waweza kuwa umekatika ndani ya ngozi yake, pale unapojikunja karibu na plagi, na kwa nje hapaonekani kitu. Betri ya chombo yaweza kuwa imechoka. Ncha yaweza kugusa rangi au kutu badala ya shaba. Plagi ya waya mwekundu yaweza kuwa katika tundu lisilo lake. Ndiyo maana mafundi waliofunzwa vyema hawapimi mara moja, hupima mara tatu. Kwanza hugusa mahali pengine panapojulikana kuwa na umeme, kwa mfano soketi ya jirani inayowasha taa, wakaona volti 220 au karibu na hapo. Pili hupima mahali pa kazi wakaona sifuri. Tatu hurudi palepale penye umeme, bila kugusa kitufe wala nyaya, wakahakikisha kwamba 220 imerudi. Ikiwa kipimo cha tatu hakirudi, basi sifuri ya pili haina maana yoyote na kazi haianzi. Koplo wa Ngagara angalijua kosa lake katika kipimo cha kwanza, kabla ya kushika bisibisi.

Kazi hiyo huchukua muda mfupi kuliko kuwasha jiko la makaa.

Chombo hiki si kigeni sana kama wengi wadhaniavyo. Mnamo mwaka 1923 mhandisi wa Posta ya Uingereza, Donald Macadie, alichoshwa na kubeba vyombo vitatu mbalimbali kila alipotengeneza mitambo ya simu, akaviunganisha kuwa kimoja. Chombo hicho kilipewa jina la AVO, kutokana na herufi za kwanza za ampea, volti na omu, na mpaka leo wapo mafundi wazee wa Afrika ya Mashariki wanaoita kila multimita avomita, hata iliyotengenezwa China juzi. Hizo za kale zilikuwa za sindano. Za tarakimu zilizoingia kiganjani zilianza kusambaa baada ya kampuni ya Fluke ya Marekani kutoa modeli yake ya 8020A mwaka 1977.

Ya sindano ingali na sifa zake. Msukumo wa umeme ukiyumbayumba, sindano huonyesha yumbo lile vizuri kuliko tarakimu zinazorukaruka. Lakini kwa mtu wa nyumbani ile ya tarakimu ndiyo ifaayo: haihitaji jicho lililozoea kusoma mistari mingi, haivunjiki sindano ikianguka, na ncha zikigeuzwa huandika tu alama ya kutoa mbele ya hesabu.

Sasa kuhusu kununua. Inayopatikana kwa wingi ni ile ndogo ya manjano au nyeusi, ya mtindo wa DT830B. Kwa betri za pikipiki, redio, tochi na paneli ndogo za jua chombo hicho hutosha kabisa, wala hakuna haja ya kukidharau. Hatari yaja kinapoelekezwa kwenye umeme wa ukutani na, zaidi ya hapo, kwenye ubao wa fyuzi. Mtu akitazama kwa makini pembeni mwa tundu lake la ampea 10 ataona neno la Kiingereza UNFUSED, maana yake tundu hilo halina fyuzi. Mtengenezaji amesema kweli, kwa herufi ndogo sana. Likitokea kosa katika tundu hilo, hakuna cha kuuzuia umeme isipokuwa ule waya mwembamba ulio mkononi mwa mpimaji.

Vyombo vilivyotengenezwa kwa kazi ya umeme wa nyumba huwa na alama ya herufi CAT pamoja na tarakimu ya Kirumi. Alama hiyo inatokana na kanuni za kimataifa za usalama zijulikanazo kwa namba 61010, nayo huonyesha mahali chombo kinaporuhusiwa kutumika. CAT II ni ya vyombo vinavyochomekwa katika soketi, kama pasi na televisheni. CAT III ni ya nyaya za kudumu za jengo, yaani ubao wa fyuzi, swichi kuu na mashine zilizofungwa ukutani. CAT IV ni ya pale umeme unapoingia kutoka nje: waya wa nguzo na mita.

Wanunuzi wengi hutazama volti peke yake, wakiamini kwamba chombo cha volti 1000 lazima kishinde cha volti 600. Sivyo. Umeme wa mjini hausafiri kwa utulivu. Radi ikipiga karibu na nguzo, na katika msimu wa mvua baina ya ziwa na milima ya Bujumbura ngurumo si haba, wimbi la maelfu ya volti hukimbia katika nyaya kwa kitambo kidogo kuliko kufumba jicho. Chombo cha CAT II cha volti 1000 na kile cha CAT III cha volti 600 vyote hujaribiwa kwa wimbi la volti 6000. Lakini cha kwanza hujaribiwa kupitia ukinzani wa omu 12, na cha pili kupitia omu 2 tu. Kwa hesabu rahisi ya kugawanya, cha kwanza hukabili ampea 500, cha pili ampea 3000. Kwa hiyo mwenye kufungua ubao wa fyuzi wa nyumba yake atafute CAT III 600 V, asihadaiwe na namba kubwa iliyo karibu na tarakimu ndogo.

Yupo atakayeuliza: je, alama hiyo haiwezi kuchapwa na yeyote mwenye wino? Yaweza, na huchapwa. Ndipo mnunuzi apaswapo kufungua mfuniko wa nyuma, akimwomba mwenye duka kwa adabu. Ndani ya chombo cha kweli hukutwa fyuzi mbili nene za kauri zilizojazwa mchanga, zenye maandishi ya volti 600 au 1000. Mchanga huo ndio unaozima cheche fyuzi inapoungua. Akikuta kijifyuzi kimoja cha kioo kama cha redio ya gari, kilichoandikwa volti 250, huku nje pamechapwa CAT III 1000 V, basi ameshapata jawabu. Fyuzi ya kioo ikipigwa na umeme mkubwa haizimi moto, hupasuka, na cheche huendelea kupita katika mvuke wa shaba ulioachwa ndani ya chombo.

Tena ipo desturi mbaya, ya mijini na ya kambini, ya kufunga karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara juu ya fyuzi iliyoungua. Kwa tochi huenda isimdhuru mtu. Ndani ya multimita ni sawa na kung'oa breki za lori kwa kuwa zinapiga kelele.

Nyaya za kupimia zina sheria yake, na sheria hiyo ni fupi: kati ya chombo na nyaya, kilicho dhaifu ndicho kinachohesabiwa. Multimita ya CAT III ikifungiwa nyaya za CAT II imekuwa ya CAT II. Nyaya nzuri hutambulika kwa kuguswa. Ngozi yake ni laini, hujikunja bila kurudi kama chemchemi, wala haikauki na kupasuka kwa joto la Bujumbura. Baadhi huwa na matabaka mawili ya rangi mbalimbali, mathalani jeupe chini ya jekundu. Likionekana jeupe, waya umekwisha muda wake. Plagi zake hufunikwa na shingo ya plastiki ili shaba isiguswe hata waya ukichomoka. Kwenye mshikio kuna ukingo unaozuia vidole visiteleze kwenda mbele. Na ncha zenyewe, kwa kazi ya CAT III na CAT IV, huacha wazi milimita 4 tu za chuma. Ncha ndefu ya kufikia milimita 19 huruhusiwa kwa CAT II, si zaidi, kwa sababu katika ubao wenye nyaya nyingi ncha ndefu ikiteleza huunganisha kwa urahisi vyuma viwili visivyopaswa kukutana.

Nyaya zinazokuja bure na chombo cha bei rahisi mara nyingi huwa na unene wa kuridhisha kwa nje, na ndani shaba kama nywele chache za mtoto. Njia ya kuzijaribu ipo, na hata kijana wa shule huiweza. Kitufe huwekwa kwenye omu, ngazi ya chini kabisa, kisha ncha mbili hugusanishwa kwa nguvu. Nyaya njema huonyesha kadiri ya nusu omu au chini yake. Ncha zikiwa bado zimegusana, waya hutikiswa karibu na plagi, kisha karibu na mshikio, polepole, upande huu na ule. Tarakimu zikiruka, au kioo kikionyesha kwamba njia imekatika, nyaya hizo hazifai tena kupimia umeme wa nyumba. Kuzifunga kwa utepe hakuponyi kitu, maana utepe hufunga ngozi, wala hauungi shaba iliyokatika. Plagi zake ni za kipimo cha milimita 4 kilicho cha kawaida duniani, kwa hiyo mtu aweza kununua nyaya bora peke yake akaziweka katika chombo alicho nacho, mradi shingo za plagi ziingie vizuri. Kwa mwenye fedha kidogo, kutumia sehemu kubwa ya fedha hiyo kwa nyaya ni busara kuliko kuitumia kwa vitufe ambavyo hatavigusa kamwe.

Lipo kosa jingine, kubwa kuliko yote, nalo huwapata hasa madereva na makanika, wakiwamo wale stadi wa Buyenzi ambao magari ya nusu ya jiji hupita mikononi mwao. Dereva hugundua kwamba betri ya gari hulala usiku na asubuhi haiwashi. Anahamisha plagi nyekundu kutoka tundu la volti kwenda tundu la ampea 10, anapitisha umeme wa betri ndani ya chombo, anaona kiasi kinachonyonywa. Kazi ni sahihi. Jioni anarudi nyumbani, mke anamwambia soketi ya jikoni haifanyi kazi. Anageuza kitufe kwenye volti, lakini plagi nyekundu imebaki pale ilipokuwa mchana. Tundu la ampea halina ukinzani wa maana. Ni kama kipande cha waya mtupu. Akiingiza ncha mbili katika soketi ameunganisha waya wa moto na waya wa nyutro kwa mkono wake mwenyewe. Kama fyuzi ni ya kauri, itakatika nasi hatasikia zaidi ya mlio mdogo ndani ya chombo. Kama ni lile tundu lisilo na fyuzi, nyaya zitayeyuka kiganjani, na mwako wake huunguza uso na macho kabla swichi kuu haijakata.

Vyombo bora hulia mlio mkali mtu anapogeuza kitufe kwenye volti hali plagi imo katika tundu la ampea. Asiye navyo ajiwekee amri ya kikosi: plagi nyekundu hurudi tundu la volti kabla chombo hakijatoka mkononi, hata kama mvua inanyesha na mtu anaitwa.

Gari likiwa limetajwa, na zitajwe hesabu zake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu 12.6, ikionyesha 12 kamili imekaribia kuisha. Injini ikinguruma, kipimo kiwe baina ya 13.8 na 14.4. Kikibaki 12 na kitu, altaneta haichaji. Kikipanda kupita 15, betri inaungua. Malori makubwa ya jeshi yenye betri mbili zilizofuatana huwa na volti 24, na hesabu zote hizo huzidishwa mara mbili. Mota ya kuwashia injini isipimwe ampea kwa multimita hata siku moja: hunywa mamia ya ampea, ilhali chombo kina 10. Kwa kazi hiyo kipo kipimio cha koleo kinachokumbatia waya kwa nje bila kuukata, lakini si kila koleo husoma umeme wa betri. Mnunuzi aulize kwanza.

Nyumbani, soketi husema mengi ikiulizwa vizuri. Soketi nyingi za Burundi ni za namna iliyoachwa na Wabelgiji: matundu mawili ya mviringo, na katika zilizo kamili ncha ya ardhi iliyochomoza. Kati ya matundu mawili pawe na volti 220 au karibu. Kati ya tundu la moto na ncha ya ardhi pawe karibu vivyo hivyo. Kati ya tundu la nyutro na ardhi pawe sifuri au volti chache tu. Ikiwa kati ya moto na ardhi panaonekana hesabu ya ajabu, kama 70 au 110, basi ncha ile haiendi ardhini. Imeachwa inaning'inia ndani ya ukuta, na multimita ya tarakimu, ambayo hunyonya umeme kidogo mno, inasoma kivuli kinachorukia kutoka waya wa jirani. Kivuli hicho huwatisha wengi au huwapotosha. Kuna vyombo vyenye ngazi maalumu ya ukinzani mdogo inayokifuta.

Jambo la ardhi si la kupuuzwa mjini humu. Birika na pasi zinazopitia Dar es Salaam na Kigoma, au Kampala, mara nyingi huja na plagi ya meno matatu mapana yenye fyuzi ndani yake. Mwenye nyumba hutafuta kiunganishi cha matundu mawili, au hukata plagi akaweka nyingine, na waya wa ardhi hupotea njiani. Birika hufanya kazi kama kawaida mpaka siku waya wa moto unapogusa bati lake. Kipimo chake hufanywa chombo kikiwa kimechomolewa: kitufe kwenye omu, ncha moja kwenye bati la birika, nyingine kwenye ncha ya ardhi ya plagi. Ukinzani uwe chini ya omu moja. Kisha ncha hiyo ya pili ihamishiwe kwenye kila jino lingine la plagi. Hapo pasiwe na njia kabisa. Pasi ya wati 1000 huonyesha karibu omu 48 baina ya meno yake mawili, maana 220 mara 220 gawanya kwa 1000 ni 48. Isipoonyesha njia yoyote, huenda waya wa moto wa ndani umekatika au kidhibiti joto kimefunguka, na mama mwenye nyumba amejua hivyo kabla ya kumlipa mtu. Omu kamwe zisipimwe katika kitu chenye umeme.

Jokofu likikoroma bila kupoza saa za jioni, ni vyema kupima volti za soketi wakati linapojaribu kuwaka. Kama msukumo wapungua sana pale tu jokofu linapoanza, kuna kiungo kibovu njiani kinachokula volti na kuzigeuza joto. Kiungo cha namna hiyo ndani ya ukuta au juu ya dari ndicho mwanzo wa moto mwingi. Wakazi wa Bujumbura hawajasahau soko kuu lilivyoteketea tarehe 27 Januari 2013, na moto wa gereza la Gitega wa tarehe 7 Desemba 2021 uliua watu 38 kwa hesabu iliyotangazwa siku ile. Kuhusu moto huo wa pili Wizara ya Mambo ya Ndani ilitaja hitilafu ya umeme. Multimita haizuii moto. Lakini volti 30 zinazopotea kati ya ubao wa fyuzi na jikoni ni habari, na anayezisoma mapema huzima swichi akaita fundi wa kweli.

Yapo pia mambo ambayo multimita haiwezi kuyaamua, na hapa ndipo wengi wanapojiamini kupita kiasi. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024, yaliingia majumbani huko Gatumba, Kajaga na Kibenga, na soketi za chini zikalala majini. Mwenye nyumba anayerudi baada ya maji kushuka aweza kupima nyaya zake kwa omu, akaona hakuna njia kati ya moto na ardhi, akawasha. Kipimo cha omu hutumia volti chache za betri ndogo. Unyevunyevu usiopitisha kitu kwa volti 2 waweza kupitisha umeme wa kuua kwa volti 220. Hali ya ngozi za nyaya hupimwa kwa chombo kingine, ambacho mafundi hukiita mega, kinachosukuma volti 500 na kudai ukinzani usiopungua omu milioni moja. Kwa nyumba iliyoingiwa na maji, huyo mwenye mega ndiye wa kuitwa. Vivyo hivyo kwa pampu na mota zilizolowa.

Mita ya Cashpower na waya unaotoka kwenye nguzo ni mali ya REGIDESO, nao ni eneo la CAT IV. Hapo hapana kazi ya mtu wa nyumbani, awe na chombo cha namna gani.

Kwa wenye paneli za jua juu ya paa, neno moja zaidi. Paneli ndogo iitwayo ya volti 12 huonyesha volti 21 au 22 jua likiwa kali na pasipo kitu kilichofungwa. Hiyo si hitilafu. Lakini paneli nyingi zikifuatana hufikia mamia ya volti za mkondo mnyoofu, na cheche zake ni kaidi. Mkondo geu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo mnyoofu hautoi nafasi hiyo. Waya wa paneli usichomolewe huku unapitisha ampea, na nyaya za kupimia zisiondolewe ghafula katika hali hiyo. Swichi ya paneli ikatwe kwanza.

Kazi ikiisha, kitufe huwekwa kwenye kuzima, na nyaya huviringishwa kwa duara pana, bila kuzibana kiunoni mwa chombo kama wengi wafanyavyo. Mkunjo ule wa kila siku karibu na plagi ndio unaokata shaba. Chombo kitakachokaa miezi bila kutumika hutolewa betri, maana betri ya zamani huvuja na kula vipande vya shaba vya ndani. Fyuzi ya akiba ya kauri, ya kipimo kilekile kilichoandikwa ndani ya mfuniko, ihifadhiwe pamoja nacho katika mfuko mmoja, mahali ambapo watoto hawafiki.